Kunyamaza Mbele ya Mizani



Mtu akikuuliza asubuhi "Hujambo?", nawe una homa tangu usiku, utamjibu "Sijambo", na hapana atakayekuita mwongo. Aliyeuliza na aliyejibu wote wajua kuwa hiyo ni salamu; mwenye kutaka habari za mwili wako atauliza mara ya pili. Hata Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikubali kwamba neno lisilo la kweli laweza kusemwa ili kuwasuluhisha watu waliogombana. Maneno ya namna hii hayachukui mali ya mtu.

Tunalotaka kulieleza hapa ni uongo mwingine, ambao hauna hata neno moja.

Karafuu iliyokauka vizuri haizidi asilimia 12 ya maji. Tuchukue gunia la kilo 50 za karafuu yenye kiasi hicho: mna kilo 6 za maji na kilo 44 za karafuu yenyewe. Sasa tuseme mwenyewe aliharakisha kuianua, maji yakabaki asilimia 18. Karafuu ni ile ile, haikuongezeka hata punje, lakini mizani itaonyesha zaidi ya kilo 53 na nusu. Muuzaji hakuulizwa kitu, naye hakusema kitu. Amelipwa kilo 3 na nusu za maji kwa bei ya karafuu. Wala hayaishi hapo. Gunia lile likilazwa ghalani hupata joto na kuota ukungu, na gunia la jirani aliyekausha kwa subira huweza kuharibika nalo.

Wako wasemao, "Mnunuzi ana macho, na aangalie." Twaona hoja hii haina uzito. Mnunuzi huona juu ya gunia. Kilicho chini akijua mwenyewe. Wengi wetu tumeisikia tangu chuoni habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikapata majimaji. Mwenyewe alisema imenyeshewa na mvua, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona. Hakusemeshwa juu ya mvua, bali juu ya kuificha.

Na sisi tunaoandika haya si wasafi. Msimu mmoja mvua ilitukuta na karafuu majamvini, na harusi nyumbani imekaribia. Tukatia zenye unyevu chini, kavu juu. Mpimaji hakutia mkono hata kidogo. Alisema karafuu zetu azijua. Fedha tulizipokea, lakini tangu siku ile tulikuwa tukimpisha njia.

Basi kabla ya kutia guniani, chukueni karafuu ya katikati ya jamvi mwivunje. Iliyokauka hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Ikipinda, irudi juani, na ikiwa haja ya fedha haingoji, mpimaji aambiwe kabla hajapima.

Tusiisahau na pishi ya mchumaji. Yuko mwenye shamba anayelalamikia mizani ya mnunuzi msimu mzima, na jioni chini ya mkarafuu humpimia mchumaji pishi ya kujazwa mpaka imwagike, akamlipa kwa hesabu ya pishi ya mfuto. Mchumaji aona, na kwa kuwa kesho ataka kazi, naye hunyamaza.