Cheche Chini ya Shinikizo: Koili za Injini ya Turbo

Koili ndiyo inayogeuza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti yanayohitajika ili cheche iruke kwenye plagi. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Wa kwanza ni mnene, una mizunguko mamia kadhaa. Wa pili ni mwembamba sana, na mizunguko yake ni kama mara mia ya ile ya kwanza. Mkondo ukipita katika waya mnene, nishati hujikusanya kwenye uga sumaku. Kompyuta ya injini ikiukata ghafla, uga huo huporomoka, volti 300 au 400 huzuka kwenye waya mnene, na kwenye waya mwembamba huzidishwa hadi 30,000 au zaidi. Charles Kettering wa Marekani aliuingiza mfumo huu kwenye magari zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Siku hizo mkondo ulikatwa na vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, leo hukatwa na transista, lakini kanuni haijabadilika.

Kiasi cha volti kinachohitajika hakipangwi na koili. Kinapangwa na gesi iliyomo ndani ya silinda. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volteji ya kuipasua gesi hadi ipitishe umeme hutegemea shinikizo la gesi hiyo likizidishwa kwa upana wa nafasi kati ya ncha mbili. Turbo inayosukuma bar 1 juu ya shinikizo la kawaida la hewa huingiza karibu mara mbili ya hewa ambayo injini ingevuta yenyewe, na pistoni inapoibana, plagi hujikuta imezungukwa na gesi nzito maradufu. Tena, ili kuzuia injini kugonga, cheche ya injini ya turbo hucheleweshwa, kwa hiyo huruka pistoni ikiwa imekaribia zaidi kilele chake, mahali ambapo gesi imebanwa vilivyo. Injini isiyo na turbo inaweza kutosheka na volti 15,000 hadi 20,000. Yenye turbo iliyoongezewa presha hupita 30,000 kwa urahisi.

Wakazi wa miji ya nyanda za juu kama Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, wana jambo dogo la kuzingatia hapa. Hewa nyepesi ya huko huipunguzia plagi mzigo kwenye gari lisilo na turbo, lakini turbo inayodhibitiwa na kompyuta hufidia upungufu huo na kuurudisha mzigo palepale.

Volteji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni nishati. Koili inayopitisha ampea 8 kwenye waya wa milihenri 3 huwa imehifadhi milijuli 96. Maabarani, katika mchanganyiko wa petroli na hewa uliotulia na kupimwa sawasawa, hata milijuli 1 haifiki kabla moto haujashika. Ndani ya silinda hakuna utulivu: gesi huvuma kwa kasi, huivuta cheche mpaka ijipinde, na wakati mwingine huizima kabla ya moto kukomaa. Ndiyo maana nishati ya ziada ina kazi.

Kujaza nishati hiyo kunahitaji muda, kwa kawaida milisekunde 2 hadi 4. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila silinda hutaka cheche moja kila baada ya milisekunde 17 hivi. Koili ikihudumia silinda yake peke yake, muda unabaki. Katika mfumo wa zamani wa distributa, ambapo koili moja ililisha silinda sita, zilibaki milisekunde 2.9 tu kati ya cheche na cheche, na koili ilikatwa haijajaa. Kukaa kwa koili juu ya kila plagi kumemaliza tatizo hilo. Kumeleta jingine: koili sasa inaishi ndani ya kichwa cha injini, kwenye joto, na gasketi ya kava ya juu ikivuja, mpira wake hulowa oili.

Koili dhaifu ina tabia yake. Injini hunguruma vizuri gari likiwa limesimama, hutembea bila shida mjini, kisha inamisi, yaani cheche hushindwa kuwasha mchanganyiko, dereva anapokanyaga mafuta akiwa gia ya juu na gari linapanda mlima. Si lazima iwe kwenye mizunguko mingi kabisa; mara nyingi ni katikati, pale silinda zinapojaa hewa kuliko wakati wowote. Kompyuta huandika msimbo P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea hivyo. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kuhamisha koili ya silinda inayolalamikiwa kwenda silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili ina kosa. Ikibaki, mtuhumiwa ni plagi, injekta au mgandamizo. Kuendelea kuendesha hivyo hivyo si busara, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguza masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi.

Kabla ya kununua koili kubwa, kuna dawa isiyogharimu karibu chochote: kupunguza nafasi ya plagi, kwa mfano kutoka milimita 1.1 hadi 0.8. Zao la Paschen, yaani shinikizo mara nafasi, hupungua papo hapo. Hasara yake ni cheche fupi, inayogusa mchanganyiko kidogo, na injini inaweza kuyumba gari likiwa limesimama. Koili yenye nguvu zaidi huingia pale nafasi ilipokwisha kupunguzwa na bado injini inamisi, au pale presha ya turbo ilipopandishwa mbali na ilivyotoka kiwandani.

Injini ya RB26DETT ya Nissan Skyline GT-R, iliyoanza kuuzwa 1989, ni mfano mzuri. Koili sita za matoleo yake ya awali hazina transista ndani; transista za kuzikata zimewekwa pamoja kwenye kisanduku cha ignita nyuma ya injini, ambacho huchakaa kwa umri na joto. Mafundi wengi huzitoa koili hizo na kufunga koili za GT-R ya kizazi cha R35, iliyotoka 2007, ambazo kila moja ina transista yake ndani. Ignita ya zamani huondolewa, na ishara ya kompyuta huenda moja kwa moja kwenye koili. Kazi hii huharibikia zaidi kwenye umeme kuliko kwenye bolti. Koili sita zenye njaa ya mkondo haziwezi kutegemea waya ule ule mwembamba wa zamani. Hutakiwa waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei na fyuzi, pamoja na ethi safi iliyofungwa kwenye kichwa cha injini.

Si kila badiliko linatokana na presha. Injini ya Volkswagen na Audi ya 1.8T ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa koili zilizokufa katika uendeshaji wa kawaida, na wapenzi wake wengi baadaye walizifunga koili nyekundu za Audi R8. Injini hiyo ikiwa katika presha ya kiwandani, faida inayopatikana ni uimara tu.

Hapo ndipo matangazo ya "volti 80,000" yanapopoteza maana. Volteji ya koili hupanda hadi gesi ipasuke, kisha huishia hapo. Nafasi ikipasuka kwa 22,000, koili ya 80,000 itatoa 22,000. Injini isiyomisi haiongezewi nguvu za farasi kwa koili mpya, hata ikiwa ya rangi gani.

Kilichosalia ni kuieleza kompyuta muda mpya wa kujaza. Muda ukiwa mfupi, koili kubwa haijai na huweza kuwa dhaifu kuliko iliyotolewa. Ukiwa mrefu, mkondo wa ziada hugeuka joto, na transista iliyo ndani huungua. Muda huo hufuata volti za betri: alteneta ikishuka kutoka volti 14 hadi 12, mkondo hupanda polepole zaidi, kwa hiyo jedwali la kompyuta hujazwa kwa kila kiwango cha volti kulingana na takwimu za mtengenezaji wa koili. Baada ya hapo nafasi ya plagi inaweza kupanuliwa tena kidogo kidogo, gari likijaribiwa kwa mzigo mzito kila mara, hadi injini inapoanza kumisi, kisha nafasi irudishwe hatua moja.