Risasi Damuni: Funzo la Owino Uhuru

Mtoto mchanga wa Phyllis Omido alipougua, madaktari walitafuta malaria na homa ya matumbo bila mafanikio. Hatimaye kipimo cha damu kilionyesha sumu ya madini ya risasi. Mama huyo alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichopakana na makazi ya Owino Uhuru, Mombasa.

Hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini. Huingia kwa moshi, vumbi na mikono michafu, ikatulia mifupani kwa miaka mingi. Mtoto huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo hata pasipo dalili za wazi.

Wakazi hawakunyamaza. Walipimwa damu, wakaandamana, wakashtaki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Mhudumu wa afya na amuulize mgonjwa anakoishi na kazi aifanyayo. Majirani wakiugua kwa namna moja, apime, aandike, atoe taarifa: jibu la maabara ni ushahidi wa mnyonge. Nao wazazi wawanawishe watoto mikono, wafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, na wawape vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu. Hata hivyo, tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo cha sumu.