Telefone mu volani: na ule anayepiga je?

Mwezi uliopita nilienda Sandoa kupelekea mama mumoja kopi za makaratasi ya kazi ya marehemu bwana yake. Kutoka Kolwezi unapita Mutshatsha, unafika Kasaji, pale unaacha barabara ya Dilolo na unakata kuelekea Sandoa. Kiangazi ni mavumbi, masika ni matope. Shofere wetu alijua njia vizuri, lakini telefone yake alikuwa ameifunga karibu na volani, juu kule rezo inashika tu ukipanda kilima. Kila kilima, mesaji zote zinaingia mara moja, na macho yake yanaenda pale. Mama aliyekaa mbele na mutoto akamuambia: "Papa shofere, angalia njia, shiye bote tuko na watoto ku nyumba." Akacheka kidogo: "Mama, patro akipiga na siitike, kesho gari atamupa mungine."

Jibu lile sikulisahau mpaka tulifika.

Hizi siku kwetu watu wanabishana: inafaa sheria kali juu ya telefone mu volani, ao hapana? Mu bisi wanabishana, mu mikutano ya sendika wanabishana, hata kisha misa. Kodi yetu ya barabara ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati ule telefone ilikuwa na kamba, ilikaa ku posta na mu biro za Gécamines. Hakuna mutu alifikiri siku moja motari atabeba watu watatu nyuma na telefone imebanwa kati ya sikio na bega.

Kwingine waliisha kukata maneno. Kenya, tangu 2016, shofere anayeshika telefone na gari inatembea analipa amande ya shilingi 2 000. Ufaransa ni euro 135 na pointi tatu zinatoka ku permi. Na inchi yetu, wakati ingali Zaïre, iliingia mu mapatano ya Vienne juu ya barabara katika mwaka 1977. Mapatano yale yaliongezwa neno mu 2006: sheria ya kila inchi ikataze shofere kushika telefone mukononi wakati gari inatembea. Basi hatuombi kitu cha ajabu. Ni sahihi yetu wenyewe.

Wanaokataa wako na sababu, na sitawacheka. Motari mumoja wa Sandoa aliniambia: "Yaya, kila sheria mupya kwetu ni bariere mupya. Wataniambia nilikuwa nasema ku telefone, hata kama ilikuwa mu mufuko." Hofu ile inaeleweka. Dawa yake ni amande ijulikane bei, ilipwe ku benki, mutu apewe karatasi. Bila karatasi, hakuna amande. Hapo sitabishana zaidi.

Wengine wanasema: "Miye niko na ekutere mu masikio, mikono yote iko ku volani." Hapa wanajidanganya. Shirika la Afya Duniani linasema shofere anayetumia telefone anakaribia ajali mara ine kuliko ule hatumie, na kwamba kusema bila kushika telefone hakuokoi sana. Mukono uko pale, lakini akili imeenda kwa ule anayesema naye. Piga hesabu wewe mwenyewe. Gari inayotembea kilometa 60 kwa saa inakula karibu metre 17 kwa segonde moja. Angalia mesaji segonde tatu tu, umeisha kuendesha metre 50 na macho yamefungwa. Na barabara ya Kolwezi kwenda Likasi haibebi mihogo peke yake. Februari 2019, pale Kabwe, kamiyo ya asidi iligongana na bisi, watu zaidi ya 15 wakakufa. Sisemi ni telefone iliyoleta ajali ile. Ninasema tujue ni kitu gani kinapita karibu na watoto wetu.

Sasa nifike ku neno langu.

Mu mine kubwa kila mufanyakazi anajua: ukikamatwa na telefone mukononi na uko naendesha mashini, ni barua ya kujieleza, na mara mingi ni mwisho wa kontra. Kule ndani tunasema ku radio, maneno mafupi. Hakuna anayelalamika, juu wote tunataka kurudia ku nyumba na miguu yetu. Lakini minere ileile ikitoka ku mulango inapanda mu kamiyo ya sutretansi, toni 30 na zaidi, inaelekea Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa. Pale njiani, katikati ya bamama wanauzisha makala na watoto wanatoka masomo, amri ya ndani imebaki ku mulango. Shefu wa kamiyo anapiga: "Uko wapi? Umefika wapi? Juu ya nini umesimama?" Na shofere analipwa kwa hesabu ya safari. Asipoitika ni mubaya, akisimama ili aitike ni mubaya vilevile.

Bwana ya ule mama wa Sandoa alikuwa shofere wa namna ile. Alitoka kwao kijana, akaenda Kolwezi kutafuta kazi, sawa wengi wetu. Usiku mumoja kamiyo yake ilitoka mu barabara, ikapinduka. Konvoyere wake alipona na mukono umevunjika, na yeye ndiye alisema: "Alikuwa anaitika telefone." Entreprise ikaandika: fote lurde ya shofere. Kwa maneno yale, mama akapata sanduku, unga ya kilio, na basi.

Tulipofungua telefone ya marehemu, tukaona simu tano mu dakika 20 za mwisho. Zote tano namba moja, namba ya shefu wake. Ine hakuitika. Ya tano aliitika.

Niambieni, wasomaji, nani alikuwa na telefone mu volani usiku ule? Mutu mumoja, ao wawili?

Ndiyo maana miye niko upande wa sheria, lakini nusu ya sheria siitaki. Sheria ikikamata shofere peke yake, entreprise zitashangilia, juu kila ajali itakuwa na jibu tayari: alikuwa na telefone, kosa ni lake. Ninaomba wabunge wetu wa Kinshasa, na wale wa Kolwezi ku Assemblée ya Lualaba, waandike pia ule anayepiga. Patro asipigie shofere wake mu saa za njia. Akipiga na ajali ikatokea, naye ajibu. Kamiyo mingi za minere ziko na GPS: shefu anaona ku biro fasi gari iko. Swali la "uko wapi" lina faida gani?

Na tusingoje sheria peke yake. Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaomba entreprise ziwe na komite ya usalama. Madelege, wekeni neno hili mu mukutano wenu ujao: fasi za kamiyo kusimama, na saa za kuita. Na bibi za mashofere, nisameheni, lakini na shiye ku nyumba tunapiga. "Utarudi saa ngapi?" Ule anayependa anapiga vilevile.

Dosié ya marehemu tumeomba ifunguliwe tena. Mama anaweka ile telefone mu sasheti, chini ya nguo. Kioo kimepasuka, lakini ingali inawaka. Mutu wa ku soko alitaka kuinunua, na masomo ya watoto yanangoja feza. Nilimuomba asiiuzishe bado, na asifute kitu ndani. Akaniuliza: "Papa, nikiiacha imezimika, zile namba zitabaki?" Nikamuambia zitabaki.