Meli ya Ngomeni na jahazi la mjomba

Mwaka 1977 nilikuwa mtoto wa chuoni, umri wangu miaka minane, nikisoma juzuu ya Amma katika Mji wa Kale, Mombasa. Maalim akishatufungulia jioni hatukwenda majumbani moja kwa moja. Tulikimbilia ufuoni karibu na Fort Jesus, au Ngomeni kama tuitavyo wenyewe, tukawatazame watu waliokuwa wakizama na kuzuka kutwa kucha. Tuliambiwa kuwa chini yao kuna meli ya Wareno. Sisi watoto tulikuwa na hakika kwamba wanatafuta dhahabu.

Meli yenyewe ni Santo António de Tanná. Iliundwa Bassein, Bara Hindi, mwaka 1681, kwa mbao za msaji. Ndugu msomaji anakumbuka habari za vita vile: Waarabu wa Omani waliizingira ngome tangu Machi 1696, wasiiache mpaka ilipoanguka mikononi mwao Disemba 1698. Meli hii ilitoka Goa ikileta watu na vyakula kwa Wareno waliokuwa wakifa ndani kwa njaa na maradhi. Ilipokuwa imefungwa mbele ya ngome kamba zake zilikatika, ikachukuliwa na maji na kuharibika, na Oktoba 1697 ikazama. Ililala pale miaka 280 kabla ya watafiti wa Makumbusho ya Kenya, pamoja na wenzao wa chuo cha akiolojia ya baharini kutoka Marekani, kuanza kuifukua chini ya uongozi wa Robin Piercy.

Kazi ile ilichukua misimu kadhaa, hadi 1980. Vyombo vya China, mitungi, na vifaa vingi vya mabaharia vilitolewa, na baadhi yake vimewekwa katika makumbusho ya Fort Jesus, ambako aendaye huviona. Lakini gubeti, tezi, mkuku na mataruma hatukuviona vikipanda. Walipima, wakachora kila ubao, kisha mbao zile wakazifunika mchanga na kuziacha palepale.

Nami kwa miaka mingi niliona kuwa hilo ni jambo la ajabu. Mtu anatafuta maiti, anampata, kisha anamzika tena! Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipopata maana yake. Ubao uliokaa majini miaka mingi umekwisha kuliwa ndani, na maji ndiyo yaliyoushikilia. Ukitolewa juani maji hutoka, nao hujikunja, hupasuka, mwisho hugeuka unga. Watu wa Sweden waliiopoa meli yao Vasa mwaka 1961, meli ya vita iliyozama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza. Iliwabidi wainyunyizie dawa miaka 17, tangu 1962 hadi 1979, ili dawa ishike mahali pa maji. Waingereza nao waliiopoa Mary Rose mwaka 1982, na kazi ya kuinyunyizia maji na dawa haikusita mpaka 2013. Hizo ni mali za serikali tajiri, na zataka jumba, mitambo na watu wa kuziangalia usiku na mchana. Kwa asiye na uwezo huo, mchanga ndio sanduku lililo bora, kwani hewa haipiti wala funza wa baharini watobowao mbao hawafiki.

Basi nikafahamu kwamba kuhifadhi si lazima kuwe ni kusimamisha kitu mbele ya macho ya watu. Kupima na kuandika nako ni kuhifadhi. Na asiyeamini na auangalie mtepe wetu. Chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, kilibeba maboriti ya mikoko karne nyingi katika pwani hii, kisha katika karne ya ishirini kikatoweka. Mafundi walipotaka kuunda mtepe mpya kwa makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakuwa na mtepe wa zamani wa kuushika. Walitegemea mifano midogo, picha na maelezo yaliyoachwa na watu. Lau yasingekuwapo hayo, leo mtepe ungekuwa jina tupu.

Haya yalinijia moyoni nilipoitwa Lamu na binamu zangu. Marehemu mjomba aliacha jahazi, limepandishwa ufuoni miaka kadhaa, halina mlingoti wala foromali. Alikuja mnunuzi anayetaka mbao za kale azifanye meza na vitanda vya mahoteli. Warithi wanataka kuuza, nami nilitaka lifanyizwe. Tukamwita fundi mzee kutoka Matondoni, ambaye alikuwa mwanafunzi wa fundi aliyeliunda.

Nilimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, asinitazame, macho yako kwenye chombo. Alikizunguka mara mbili akigonga mbao kwa mpini wa tezo na kusikiliza. Kisha akasema, "Mkuku mzima. Fashini nzima. Mbao za chini zimekufa, na mataruma nusu yamekufa. Jahazi hulibadili ubao mmoja mmoja mpaka likawa jipya, na jina ni lile lile. Lakini nani atakayelipa, na likishapona litabeba nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mizigo siku hizi huenda kwa malori, na mimi mshahara wangu mnaujua, wasomaji. Binamu mmoja ana mtoto anayetaka karo ya shule. Sikuwa na haki ya kumwambia mtoto yule asubiri ubao.

Niliomba siku tatu. Katika siku hizo mimi na babu tulilipima jahazi kwa kamba, kutoka hanamu hadi fashini, na kila kiungo alinitajia jina lake na kazi yake, nami nikaandika katika daftari: mataruma yanapangwaje, pamba ya kalafati yaingizwa vipi, deheni hupikwa kwa chokaa na mafuta gani, sifa hupakwa lini. Mengine sikuwahi kuyasikia maishani, nami najiita mshairi wa pwani. Siku ya nne mnunuzi akaja na mashoka.

Sijui kama nilishinda au nilishindwa. Jahazi halipo, daftari lipo. Lakini namwomba kila msomaji mwenye chombo cha wazee wake ufuoni, na fundi mzee mtaani: kama huna fedha za kukifanyiza, kamba na kalamu unavyo. Nenda kabla ya mashoka.

Chombo kiko mchangani, umri umetimia,
Na mbao zaoza pwani, misumari yaachia,
Majina yawe kinywani, wana watayasikia,
Akenda fundi peponi, ni nani atatwambia?