Mimea ya Nishati na Deni la Kaboni: Mfano wa Mampu

1. Neno na jambo

Kile ambacho wakazi wa Lubumbashi hukiita makala, Kiswahili sanifu hukiita makaa. Shina hilohilo limo katika istilahi hewa ya ukaa, hewa inayotoka kila kuni au makaa yanapoungua. Istilahi hii inafaa, kwa kuwa inadhihirisha kwamba kaboni ya jikoni na kaboni ya angani ni kitu kimoja. Maelezo yafuatayo yanakusudia kuonyesha ni lini mmea uliopandwa kwa ajili ya nishati huisaidia hali ya hewa, na ni lini huidhuru.

2. Mzunguko wa kaboni

Mmea unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuitumia, pamoja na maji na mwanga wa jua, kujenga shina, majani na mizizi. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti ukichomwa, kaboni hiyo hurudi angani; mwingine ukioteshwa mahali pake, huivuta tena. Kutokana na mzunguko huo, baadhi ya watu wamedai kwamba miwa, michikichi na akasia zikitumiwa kama nishati haziongezi joto la dunia.

Dai hilo lina ukweli, lakini si kamili. Kwanza, linaisahau ardhi, ambayo nayo ni ghala la kaboni, hasa katika mizizi na udongo. Pili, mbolea ya nitrojeni hutoa oksidi ya nitrojeni, ambayo kwa uzito uleule huongeza joto yapata mara 270 kuliko hewa ya ukaa katika muda wa miaka 100. Tatu, matanuri ya udongo ya kuchomea makaa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kuni na kutoa methani.

3. Deni

Mwaka 2008 Joseph Fargione na wenzake walilipa jambo hili jina la deni la kaboni. Anayefyeka mimea ya asili ili apande mmea wa mafuta huachilia kaboni nyingi kwa mara moja, kisha huilipa kidogo kidogo kila mwaka kwa petroli asiyoichoma. Kwa hesabu yao, miwa iliyopandwa katika savana ya Cerrado nchini Brazili ingelipa deni lake kwa miaka 17 hivi. Michikichi iliyopandwa katika vinamasi vya mboji vya Asia ya Kusini-Mashariki ingehitaji zaidi ya miaka 400.

Tofauti hiyo inaigusa Kongo moja kwa moja. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba vinamasi vya mboji vya Bonde la Kati, katika nchi zote mbili za Kongo, vimehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Kuvikausha ili kupanda michikichi kungekuwa kukopa deni ambalo hata vitukuu hawatalimaliza.

4. Mampu

Katika nyanda za juu za Bateke, kilomita 140 hivi mashariki ya Kinshasa, hekta 8000 hivi za akasia zilipandwa kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Hapo awali palikuwa na savana ya nyasi juu ya udongo wa mchanga, iliyochomwa moto mara kwa mara. Baadaye shamba liligawiwa familia, kila moja hekta 25. Miti ikikomaa hukatwa na kuchomwa makaa. Moto wa mabaki huamsha mbegu zilizolala udongoni, na mahindi na mihogo hupandwa kati ya miche. Mizizi ya akasia hujipatia nitrojeni ya hewani, hivyo mbolea ya viwandani haihitajiki sana. Hapa deni ni dogo, kwani miti ilichukua mahali pa nyasi.

5. Hitimisho

Hata hivyo, Mampu hutosheleza sehemu ndogo tu ya mahitaji ya Kinshasa. Kwa upande wa Lubumbashi, ambako makala hutoka katika miombo, funzo ni bayana: akasia ikipandwa katika mashamba yaliyochakaa, itaipunguzia miombo mzigo, miombo ikifyekwa ili akasia ipandwe, deni litaanza upya. Kabla ya kuuliza ni mmea gani upandwe, yapasa kuuliza ni nini kilichosimama pale kabla yake.