Moyo wa askari na kiti chake

Kabla ya mwaka 2014, Jumamosi asubuhi barabara za Bujumbura zilikuwa na makundi ya watu wakikimbia na kuimba kwa pamoja. Ilikuwa desturi njema, nayo si ngeni kwa askari. Hata hivyo, mbio za siku moja hazifuti siku sita za kukaa kitini. Shirika la Afya Duniani hushauri walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na ni heri zigawanywe.

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva wao. Gari lile lile, njia ile ile! Kwa hiyo wa kuangaliwa kwanza ni karani wa kambini na dereva wa doria, wala si mlinzi atembeaye zamu.

Shinikizo la damu nalo hupanda hadi 140 kwa 90 na kuzidi, mtu akijiona mzima. Chumvi yote ya siku isipite gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Aliyevuka miaka 40 na apimwe kila mwaka, asingoje kuumwa kichwa.