Reflekta na nguo za joto kwa kazi za usiku shambani

Vijana wenzangu, huwa naulizwa kuhusu SARO 5, kuhusu urea, kuhusu dawa ya magugu. Kuhusu nguo za kazi nilikuwa siulizwi kabisa, na kiukweli na mimi sikuwa naliongelea. Mpaka Juni mwaka jana.

Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa kimekodi kombaini, ikamaliza kuvuna jioni jua limeshazama. Magunia hayalali shambani, mnajua wenyewe sababu, kwa hiyo ikawa ni kusomba usiku huohuo kwa trekta na tela mpaka barabarani. Mmoja wao alibeba tangu saa kumi na moja, akatoka jasho, halafu kibaridi cha usiku kikamkuta. Akavaa jaketi jeusi la mtumba, akajifunika kofia yake, akakaa pembeni ya magunia apumzike. Dereva akarudisha tela nyuma. Taa ya nyuma hakuna, ya mbele moja. Tairi la tela likapanda juu ya mguu. Alipona, lakini mguu ule ulimweka nyumbani msimu wote, na heka zake mbili akakodisha kwa bei ya kutupa.

Kilichoniuma ni kwamba reflekta alikuwa nayo. Alikuwa ameivaa. Ilikuwa ndani ya jaketi. Mchana nilimwona nayo na nikamsifu mbele ya wenzake.

Basi tuelewane hapo kwanza. Ukimnunulia kibarua kizibao cha kung'aa bila kufikiria baridi, baridi ikija atakifunika. Joto na kuonekana vinachaguliwa pamoja.

Najua mtu wa Makete akisikia naongelea baridi ya Ifakara atacheka. Sisi tuko chini, kama mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Julai bado unatoka jasho. Lakini baridi ya bondeni ni ya unyevunyevu. Umande unashuka mapema, mpunga unalowa, suruali inalowa mpaka gotini, na tisheti ya pamba imeshalowa jasho. Pamba ikilowa inashika maji, na maji yanafyonza joto la mwili haraka sana kuliko hewa kavu. Halafu unapanda juu ya tela au nyuma ya pikipiki, upepo unakupiga. Mtu anatetemeka, vidole vinakufa ganzi, anashika vibaya, anachelewa kuruka pembeni. Usidharau hilo kwa sababu tu Ifakara sio Njombe.

Sasa, reflekta yenyewe inafanyaje kazi? Ina vitu viwili tofauti, na wengi wanavichanganya. Kuna kile kitambaa chenye rangi kali, njano iliyoelekea kijani au rangi ya chungwa. Kile kinachukua miale ya jua tusiyoiona kwa macho na kuirudisha kama rangi inayoonekana, ndiyo maana kinawaka hata alfajiri au siku ya mawingu. Usiku hakuna jua, kwa hiyo rangi ile haina kazi yoyote ya ziada. Usiku kinachofanya kazi ni ile mikanda ya kijivu. Ndani yake kuna chembe ndogondogo za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Taa ya lori ikikumulika, mwanga unarudi kwa dereva, anaona mstari mweupe unawaka.

Kwa hiyo kizibao cha rangi kali kisicho na mikanda ni cha mchana tu. Na mikanda mizuri mbele ya pawatila isiyo na taa ni bure, kwa sababu hakuna mwanga wa kurudishwa. Pawatila ngapi hapa kwetu zinatembea usiku dereva kashika tochi ya simu mdomoni? Anza na taa, ndipo ufikirie nguo.

Piga hesabu ndogo. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa inatembea karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona, akashtuka, akakamata breki, zimeshapita mita 20 au 30 kabla pikipiki haijaanza kupunguza mwendo sawasawa. Taa nyingi za bodaboda zetu mtu aliyevaa nguo nyeusi zinamwonyesha akiwa ameshakaribia. Barabara ya Ifakara kwenda Kidatu, msimu wa miwa, ina malori ya miwa usiku na mchana, matrekta, na baiskeli zetu ambazo nyingi hazina hata kipande cha plastiki chekundu nyuma. Wewe unayesimama pembeni kupakia magunia uko katikati ya hayo yote.

Ukienda kununua, geuza nguo ndani utafute lebo. Kiwango cha kimataifa cha nguo hizi ni ISO 20471, na kwenye lebo kuna mchoro wa kizibao na namba pembeni yake: 1, 2 au 3. Namba hiyo inasema nguo ina eneo kiasi gani la rangi kali na la mikanda. Daraja la 1 ni robo tatu ya njia ya kuwa hauonekani, nisamehe kwa utani. Linataka rangi mita za mraba 0.14 tu. Daraja la 2 linataka 0.50 za rangi na 0.13 za mikanda, na la 3 linataka 0.80 na 0.20. Kizibao kizuri kisicho na mikono kwa kawaida ni daraja la 2. La 3 utalipata kwenye jaketi la mikono mirefu, au jaketi na suruali kwa pamoja. Kwa kazi ya kando ya barabara ya malori, usishuke chini ya 2. Mkanda mmoja uwe na upana usiopungua sentimita 5. Ile mistari myembamba kama uzi wa viatu ni urembo.

Vizibao vya bei rahisi vya madukani vingi havina lebo yoyote. Sikukatazi kuvinunua, maana hata hicho ni bora kuliko shati la bluu, ila kipime kwanza. Pia angalia vile vyenye tangazo kubwa mgongoni. Maandishi yakijaa mgongo mzima, eneo la rangi uliyolipia limeshaliwa.

Mtumba ndio sehemu ninayoipenda. Kwenye marobota ya majaketi kunakuja majaketi ya kazi kutoka Ulaya, ya mafundi wa barabara na reli. Mengine ni mazima kabisa, yana lebo, yana zipu ngumu ambayo dukani huipati. Ukiona lebo imeandikwa EN 471, hicho ni kiwango cha zamani kilichokuwepo kabla ya hiki cha 2013, kwa hiyo jaketi lina umri wake, lipime kwa makini zaidi. Ukiona EN 343, maana yake lilipimwa kwa mvua pia. Lebo nyingi zinaonyesha na idadi ya kufuliwa ambayo mikanda inavumilia, lakini kwenye mtumba huwezi kujua lilishafuliwa mara ngapi. Ndiyo maana kuna kipimo cha simu.

Kipimo chenyewe: tundika jaketi mahali penye giza, rudi hatua kumi na tano au ishirini. Washa tochi ya simu, ishike pembeni ya jicho lako kabisa, sio kifuani. Mkanda mzima utawaka kama taa. Mkanda uliochoka utabaki kijivu, au utawaka vipandevipande kama ukuta uliobanduka chokaa. Muuza mtumba atakushangaa kidogo, mwambie akuazime stoo yake. Mimi sasa wananizoea.

Lakini tahadhari na jambo moja: majaketi mengi ya Ulaya yana sufi nene ndani, yalishonwa kwa ajili ya theluji. Hapa Ifakara mtu akibeba magunia na jaketi hilo atapika kama ndizi kwenye chungu. Ataloa jasho, atalivua, na reflekta imeondoka nalo. Chagua lenye bitana jepesi au bitana la kutoa, au uachane nalo kabisa ufanye kama ninavyowashauri vikundi vyangu: nguo kwa matabaka. Ndani tisheti nyepesi inayokauka upesi, sio pamba nzito. Tisheti ya mpira wa miguu inafaa kabisa. Juu yake sweta, lile la kuvaa na kuvua haraka. Juu ya sweta kitu cha kuzuia upepo na umande, hata koti la mvua jepesi. Na juu ya vyote, nje kabisa, reflekta.

Ndiyo maana kizibao kinunuliwe kikubwa kuliko mwili. Mtu wa saizi ya kati mchukulie kubwa mbili zaidi, ajaribu akiwa amevaa sweta na koti. Kikimbana atakivaa ndani, na tumesharudi kulekule. Na kama kazi ni ya kubeba bomba la dawa au begi mgongoni, kumbuka begi linafunika mgongo wote. Bandika mkanda wa kung'aa kwenye begi lenyewe.

Mikanda ya miguuni na mikononi nayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kitu kinachowaka kikiwa kimetulia, dereva anaweza kudhani ni nguzo au kibao. Miguu inayowaka na kutembea, akili yake inatambua mara moja kwamba huyu ni mtu. Kwa mpanda baiskeli, mikanda miwili juu ya vifundo vya miguu ni hela ndogo mno. Ila tope la jaruba likishaifunika haionekani, ifute kwa kitambaa cha maji kabla ya kuingia barabarani.

Sasa kuna kazi ambazo nguo hizihizi zinaweza kukuumiza. Ya kwanza ni shafti ya PTO ya trekta. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Kizibao kikubwa kinachopepea, kamba ya kofia, mkono wa koti ulioachwa wazi, ikishika kimoja hupati muda wa kusema "zima." Anayefanya kazi karibu na PTO, na mashine ya kupura vilevile, avae kizibao cha saizi yake kilichofungwa mbele na ubavuni. Ukipata vile vinavyofungwa kwa vitambaa vya kunatana, vinavyotoa mlio ukivibandua, vichukue hivyo kuliko vya zipu, kwa sababu vikivutwa vinaachia. Kamba za kofia zikate. Na shafti iwe na kifuniko chake, hilo lilitakiwa niliseme mwanzo.

Ya pili ni moto. Wakulima wa miwa mnaochoma shamba kabla ya kukata, sikilizeni: reflekta, koti la mvua na sweta nyingi ni nyuzi za plastiki. Zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kikosi cha kuchoma kivae ovaroli nzito ya pamba au jinzi, mikono mirefu, buti za ngozi. Hapo ushauri wangu wa kukwepa pamba naugeuza. Reflekta ya kawaida ivaliwe moto ukishazimika, wakati wa kukata na kupakia.

Nguo ya kupulizia dawa usiichanganye na nguo ya joto. Sweta linanyonya dawa, halafu usiku mtu analivaa tena shingoni. Zitenge.

Rangi gani? Katikati ya miwa mibichi na mpunga wa kijani, rangi ya chungwa inajitenga vizuri. Mpunga ukishaiva na giza linaanza kuingia, njano-kijani inaonekana zaidi kwa jicho la binadamu. Kama unanunua moja ya kazi zote chukua chungwa, mengi yetu ni majani. Na kwa wanaolinda shamba usiku dhidi ya viboko na nguruwe: reflekta haimfukuzi kiboko. Inamsaidia mwenzako asikuchanganye na kiboko. Ila mikono mirefu walindaji msiikwepe hata usiku wa joto, mbu wa bondeni mnawajua.

Kufua: maji ya kawaida, sabuni ya kawaida. Jiki inaua rangi. Brashi ngumu inakwangua chembe za kioo, na pasi juu ya mkanda usithubutu. Anika kivulini. Reflekta inayoishi juu ya siti ya trekta juani inapauka haraka, na ikishapauka usidanganyike kwamba bado ni njano.

Kuhusu nani anunue, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Ukishaajiri vibarua wa kupakia, mwajiri ni wewe, hata kama una heka tatu na unajiona bado unajitafuta. Kizibao kimoja bei yake iko chini ya mfuko mmoja wa urea. Nunua vya kutosha na viwili vya akiba, vyote viwe mali ya shamba, sio ya mtu, visije vikaishia kwenye bodaboda.

Kile kikundi sasa wana vizibao kumi na viwili, vyote vikubwa, vinakaa kwenye boksi la trekta. Tela wamelibandika mikanda nyuma na ubavuni, na taa ya nyuma imefungwa. Kabla ya kurudisha nyuma dereva anahesabu vizibao kwa sauti, na pasipotimia hesabu trekta haisogei. Yule kijana aliyeumia ndiye anayeshika tochi.